Tupeane uzoefu: Muziki wa jadi wa Ireland redioni, na jikoni tulikousikilizia

Mwana wa Ennis (mwanzisha uzi)

Wanajamvi, amani iwe kwenu nyote.

Nimefungua uzi huu kwa ajili yetu tuliokulia Ireland, au tuliofundishwa na Waairishi mahali pengine, ambao hadi leo fidla na filimbi ya bati zikianza pamoja redioni tunajikuta tumesimama katikati ya jikoni na sahani mkononi, kazi tuliyokuwa tukiifanya imetutoka akilini. Jumapili iliyopita nilikuwa barabarani kuelekea Limerick, redio ikapiga rekodi ya zamani ya konsatina, kile kinanda kidogo cha mkononi, nami ikanibidi niegeshe gari kando hadi ngoma ile ikaisha, kwa sababu pua yangu ilikuwa imejaa harufu ya mkate wa magadi na ya mboji kavu, ambayo huku huchomwa kama kuni, ikiwaka mekoni, na garini hamkuwa na kimojawapo.

Mama yangu alikuja Ennis, katika kaunti ya Clare, kutoka Mombasa mwaka 2000 kufanya kazi ya uuguzi, nami nilikuwa na umri wa miaka sita. Kila Jumamosi alipokuwa na zamu ya usiku nililala kwa jirani yetu, mjane aliyekwisha kuvuka miaka sabini, ambaye watoto wote wa mtaa ule walimwita Nana. Redio yake ilikaa ukingoni mwa dirisha la jikoni, kati ya chupa ya maji ya baraka na kopo la majani ya chai, na kile kishikizo cha kutafutia stesheni alikuwa amekibandika plasta ya kidonda ili mtu asije akakisogeza. Cha sauti ndicho tulichoruhusiwa kukigusa, na hata hicho kwa idhini.

Jumapili asubuhi na mapema, kabla ya misa, kulikuwa na kipindi kilichoitwa *Mo Cheol Thú*. Maneno hayo ya Kiairishi, yakifasiriwa neno kwa neno, ni "wewe ni muziki wangu", lakini wenyewe huyatumia kumsifu mtu, kama sisi tunavyosema hongera au ahsante sana kwa aliyetufurahisha. Mtangazaji wake, Ciarán Mac Mathúna, alikuwa mzaliwa wa Limerick wa mwaka 1925, na kipindi hicho alikianza mwaka 1970 akakifunga mwaka 2005, kwa hiyo mimi nilikiwahi katika miaka yake ya mwisho. Alizungumza taratibu na kwa sauti ya chini, kama mtu anayejua kwamba nyumbani kuna mwenye kulala bado. Alikuwa akisoma shairi, akapiga wimbo, akanyamaza kidogo, kisha akataja jina la mpigaji na kijiji alikotoka. Nilikuwa nikiketi juu ya kistuli karibu na jiko, uji wa oti ukipoa mbele yangu, kwa maana Nana hakupenda sauti ya kijiko wakati filimbi inalia.

Nilidhani kwa muda mrefu kwamba alikuwa mkali tu wa mambo ya adabu. Nilikuwa na miaka tisa aliponieleza. Mac Mathúna alijiunga na Radio Éireann mwaka 1954, na kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa kuzunguka mashambani na gari la kurekodia, hasa huku magharibi, akiwafuata wapigaji majumbani mwao badala ya kuwaita studioni Dublin. Gari hilo lilipofika kijijini kwao, Nana alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu. Watu walijaa katika jiko la nyumba moja. Mbwa alifungiwa zizini, na saa ya ukutani ikateremshwa, ikaviringishwa blanketi na kuwekwa chumba cha ndani ili mlio wake usiingie kwenye rekodi. Kaka yake alipiga konsatina, ngoma mbili mfululizo. Halafu gari likaondoka, wakaanza kungoja, wiki baada ya wiki, wakiwa hawajui ni lini wangesikika.

Katika miaka ile ya 1950 Waairishi wapatao laki nne waliihama nchi yao, wengi wakielekea Uingereza, na kaka yake alikuwa mmojawapo. Siku konsatina yake iliposikika redioni, mwenyewe alikuwa tayari anachimba misingi ya majengo London. Mama yao, akasema Nana, aliinuka akaiwekea redio kiganja juu, kama mtu anavyompapasa mtoto kichwani, na hakukiondoa hadi ngoma ya pili ikaisha.

Ndipo nilipoielewa ile plasta. Kwake yeye, stesheni ile ilikuwa njia ambayo mtu wake aliwahi kuipitia kurudi nyumbani, na njia ya namna hiyo haisogezwi.

Jambo moja zaidi, kisha niwaachie uwanja. Asubuhi moja mama alikuja kunichukua akiwa bado na sare ya kazini, akasimama mlangoni bila kuingia. Redioni kulikuwa na akodiani na fidla. Akasema, "Vyombo hivi navijua," kwa maana vyote viwili ni vyombo vya taarabu, na akodiani yeye aliikuta katika harusi za kwao tangu hajaanza shule. Nana hakufahamu neno hata moja la Kiswahili, lakini alivuta kiti akamwonyesha aketi. Tangu siku hiyo wakawa wawili wa kusikiliza, na mimi wa tatu.

Ningependa mtuandikie: ulikuwa umeketi wapi, ni nani aliyekuwa na haki ya kuigusa redio, na ni sauti gani nyingine iliyokuwamo nyumbani wakati muziki ukipigwa. Muziki huu si wa mababu zetu, ila ndio wa utoto wetu, na sijaona bado mahali ambapo sisi tumeuzungumzia kwa lugha yetu.

Mlezi wa Sligo

Ahsante sana, ndugu yangu, kwa kutufungulia mlango huu.

Mimi sikukulia Ireland. Nilikuja mtu mzima kutoka Moshi, na sasa ni mwaka wa nane nafanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee kaunti ya Sligo. Utoto nitakaousimulia si wangu. Ni wa mzee mmoja ninayemhudumia, aliyezaliwa kusini mwa kaunti hii mwaka 1934, na nimemwomba ruhusa mbele ya binti yake kabla ya kuandika. Alicheka, akasema hakudhani kama maneno yake yangefika Kilimanjaro.

Redio ya kwanza ya Ireland huru ilianza Dublin tarehe 1 Januari 1926 kwa jina la 2RN, lakini mtambo wa Dublin haukuwa na nguvu ya kufika huku. Waliosikia vizuri mashambani ni baada ya kujengwa mtambo mkubwa wa Athlone, katikati ya nchi, mapema katika miaka ya 1930. Ndiyo maana katika redio nyingi za zamani, kwenye kioo cha stesheni, utasoma neno Athlone. Umeme ulichukua muda zaidi. Mpango wa kuupeleka vijijini ulisimamisha nguzo yake ya kwanza mwaka 1946, na kwao huyu mzee uliingia alipokuwa amekwisha kuota ndevu. Kwa hiyo redio ya utoto wake ilikuwa ya betri mbili: moja kavu, kubwa kama tofali, na nyingine ya maji, chombo cha kioo kizito chenye mpini wa waya, ambacho ilibidi kipelekwe gereji mjini kuchajiwa kila baada ya siku kadhaa.

Kuipeleka ilikuwa kazi yake. Maili tatu kwenda, maili tatu kurudi, akiibeba mbali na mwili ili tindikali isimrukie, maana suruali ikishaguswa na maji yale hutoboka kama iliyoliwa na mende, na suruali alikuwa nayo moja. Anakumbuka mkono wa kulia ukiuma hadi begani, na anakumbuka kwamba hakuthubutu kubadilisha mkono mbele ya watu wa gereji, wasije wakamwona dhaifu.

Kwa sababu betri ilikuwa ya kubana, redio haikuwashwa ovyo. Iliwashwa kwa taarifa ya habari, kwa mechi za mpira wa Kiairishi, na kwa muziki wa ngoma za kwao. Usiku wa muziki majirani walikuja, wakaketi hadi juu ya magunia ya viazi, na meza ikatolewa nje. Baba yake alikuwa mpiga fidla. Akipigwa Michael Coleman, naye mpiga fidla, baba yule alivua kofia yake akaiweka gotini. Coleman alizaliwa Killavil, vijiji vichache tu kutoka kwao, mwaka 1891. Akaenda Marekani mwaka 1914, akarekodi sahani zake za santuri New York katika miaka ya 1920 na baadaye, na akafia huko mwaka 1945. Sahani hizo zilivuka bahari kurudi Ireland, na wapigaji wa Sligo wakaanza kujifunza upya kutoka kwazo namna ya kupiga ngoma ambazo Coleman mwenyewe alizichota kwao.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya niandike. Usiku mmoja watu wakiwa wanacheza, wanandoa wanne sakafuni, betri ilianza kufa. Sauti ikawa inadidimia kidogo kidogo, kama mtu anayeondoka huku akizungumza, na katikati ya ngoma ikanyamaza kabisa. Miguu ilikuwa bado hewani. Mama yake, aliyekuwa amesimama karibu na meko akiwa na birika, akaupokea muziki pale pale kwa mdomo bila kupoteza pigo hata moja, akaimba ile ngoma kwa silabi zisizo na maana, *didli-dam, didli-dai*, hadi mwisho, mara mbili zote, na wachezaji wakamaliza seti yao. Waairishi wana jina la uimbaji huo, *portaireacht*, na ulikuwa msaada wa kweli katika nyumba zisizokuwa na chombo. Mzee anasema hakuwahi kumsikia mama yake akiimba kabla ya usiku ule, na hakujua kama ngoma zote zile zilikuwamo kifuani mwake.

Mzee huyu sasa siku nyingine halijui jina langu. Lakini Jumamosi usiku ninamsogeza karibu na redio, kwa sababu kipindi cha *Céilí House* bado kipo, na ninautazama mkono wake wa kushoto. Vidole vinne hupindika juu ya mkono wa kiti na kubonyeza kitambaa kimoja kimoja, kwa mpangilio. Siku za kwanza niliandika kwenye daftari la zamu kwamba mgonjwa ana mtetemeko wa mkono. Binti yake ndiye aliyenisahihisha: "Anapiga fidla."

Mkazi wa Tallaght

Nimewasoma nyote wawili kwa heshima, na ningependa uzi huu uwe na nafasi ya sisi ambao hatukuupenda.

Nililetwa Dublin nikiwa na miaka minne kutoka Bujumbura, na shuleni kila mmoja wetu alipewa filimbi ya bati, kama ilivyo katika shule nyingi za msingi za Ireland. Watoto thelathini wakipuliza pamoja, tena nusu yao kwa hasira, ni sauti ambayo siwezi kuieleza kwa upole. Mwalimu wetu alikuwa na redio ndogo ya kaseti aliyorekodia vipindi vya muziki, na alitulazimisha tusikilize. Nilikuwa mweusi pekee darasani, nilitaka kupenda walichokipenda wenzangu, nao wenzangu waliuona muziki huo kuwa wa wazee wa mashambani. Basi nikauchukia pamoja nao, kwa bidii.

Lakini mwalimu yule alitufundisha kitu kimoja ambacho hakijanitoka. Alituambia ngoma hizi hazipigwi moja ikaisha ikafuata nyingine. Kila moja ina sehemu mbili au zaidi, kila sehemu hurudiwa, ngoma nzima hupigwa mara mbili au tatu, kisha, bila kusimama, wapigaji wote kwa pamoja huingia ngoma ya pili, mara nyingi kwa ufunguo mwingine. "Msinisikilizie ngoma," alikuwa akisema, "nisikilizieni mlango." Alitutaka tuinue mkono mara tu tunapohisi kwamba zamu imekaribia.

Mwaka jana nilikuwa kwenye teksi usiku, dereva amefungulia reel, ngoma ya Kiairishi ya mwendo wa haraka, na mkono wangu wa kulia ukainuka wenyewe. Fidla zikageuka pale pale. Dereva aliniona kwenye kioo, akainua wake pia.

Binti wa Connemara

Mama yangu ni mtu wa Connemara, magharibi mwa Ireland, na baba yangu ni Mzanzibari. Nilizaliwa Unguja, nikahamia kwa bibi mzaa mama nikiwa na miaka mitano, katika nyumba ambayo Kiingereza kilisikika kwa mgeni tu.

Haki ya kuigusa redio ilikuwa ya bibi, na stesheni ilikuwa Raidió na Gaeltachta, redio ya lugha ya Kiairishi. Ilianza kurusha matangazo kutoka Casla tarehe 2 Aprili 1972, Jumapili ya Pasaka, lakini bibi alikuwa akisisitiza kwamba hawakupewa kama zawadi: vijana wa kwao walianzisha redio yao wenyewe bila kibali mwaka 1970, huko Ros Muc, ili serikali isikie kwamba watu wanaozungumza Kiairishi wanataka kusikia sauti zao. Alikuwa akiisimulia habari hiyo na kidevu juu.

Mwanzisha uzi ameuliza ni sauti gani nyingine iliyokuwamo. Kwetu ilikuwa kimya. Redio ile husoma matangazo ya vifo: jina la marehemu, kijiji chake, mahali mwili utakapolazwa, saa ya mazishi. Nyumba nzima ilisimama. Bibi alifumba macho, akayasikiliza majina kama mtu anayehesabu mifugo jioni. Mara nyingine, matangazo yakiisha, ulifuata wimbo wa *sean-nós*, yaani wa mtindo wa kale, sauti moja tupu bila chombo chochote, mwimbaji akizungusha kila silabi kwa mapambo madogo na kuiachia pumzi pale inapoishia badala ya pale pigo linapotaka. Ni muziki ambao mgeni huuona mgumu. Kwangu mimi haukuwa mgumu, na sababu nilikuja kuijua nikiwa mkubwa, siku nilipomsimulia baba.

Baba aliniambia kwamba nilipokuwa mdogo Unguja, kila redio ya nyumbani iliposoma matangazo ya vifo, nilikuwa nikikimbia kuketi mapajani mwa bibi yangu wa huko, aliyefumba macho namna ile ile. Siikumbuki Unguja yenyewe hata chembe. Ninachokikumbuka ni paja la kanga na sauti ya mtu akitaja majina, na mwili wangu uliunganisha mabibi wawili kabla akili yangu haijafika.

Katika nyumba za kule, mtu akiimba sean-nós, aliyeketi jirani yake huweza kumshika mkono na kuuzungusha polepole kufuata wimbo. Bibi aliushika wangu, ingawa aliyekuwa akiimba alikuwa ndani ya redio.

Mtoto wa Kitui

Habari zenu, ndugu na dada zangu. Nimesita kuandika kwa sababu mimi Ireland nimefika nikiwa na miaka arobaini na mitano, na ninaishi Cork sasa. Utoto wangu wote ni Kitui, Kenya. Hata hivyo mwanzisha uzi amesema "au tuliofundishwa na Waairishi mahali pengine", na kwetu walikuwepo wengi, mapadri wa shirika la Mtakatifu Patrick, ambalo makao yake ni Kiltegan, kaunti ya Wicklow.

Padri wa parokia yetu alikuwa na redio kaseti. Miaka ile ya 1970 redio ya Ireland haikusikika Kitui kwa kawaida, hivyo mama yake, aliyebaki kijijini huko kwao, alikuwa akimrekodia vipindi vya muziki kwa kuiweka kinasa sauti mbele ya redio ya jikoni, kisha akaituma kaseti kwa posta. Ilichukua wiki nyingi kufika. Sisi wahudumu wa altare tulikuwa tukiketi kwenye ngazi za nyumba ya mapadri jioni, baada ya kumwagilia mimea, naye alitufungulia mlango ili tusikilize.

Kwenye kaseti hizo hukusikia muziki peke yake. Ulisikia kiti kikisogezwa. Ulisikia mvua dirishani, na kwetu ulikuwa ukame, kwa hiyo tulimwomba airudishe pale kwenye mvua. Mara moja mama yule alipiga chafya katikati ya wimbo wa polepole, na padri, mtu mzima mwenye ndevu, akasema kwa Kikamba chake cha taabu, "Amepata mafua, na mimi niko mbali."

Kuna ngoma moja, ya aina iitwayo hornpipe nadhani, ambayo nimeibeba tangu nilipokuwa na miaka kumi. Kila nikisikia redio ya hapa ikipiga kitu kinachoikaribia naiongeza sauti, halafu inakuwa si yenyewe. Jina silijui. Isitoshe, ninayo nusu tu: upande wa kaseti ulikuwa ukiishia pale pale baada ya sehemu ya kwanza kurudiwa, *tak*, na padri akaugeuza, na upande wa pili ulianza na kitu kingine. Kwa miaka yote hii, nikiipiga mluzi, hukoma mahali hapo na sina pa kwenda. Nimejirekodi nikiipiga mluzi na kuiambatanisha hapa. Kama kuna anayeijua, tafadhali anisaidie.

Mwana wa Ennis (mwanzisha uzi)

Kaka wa Kitui, nimeusikiliza mluzi wako mara sita. Mpigo wake ni wa hornpipe kweli, ule wa kuchechemea kidogo, unaoketi kwenye noti ya kwanza na kuharakisha ya pili. Lakini jina siwezi kulitaja, na hilo lisikushangaze, kwa maana ngoma nyingi za huku zimeandikwa *gan ainm*, "isiyo na jina", na nyingine hupewa tu jina la mtu ambaye mpigaji aliipata kwake.

Dada Mlezi, nina ombi, na ukiona halifai, uniwie radhi. Je, mzee wako anaweza kuusikiliza?

Mlezi wa Sligo

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilingoja siku yake nzuri, nayo ilikuwa jana alasiri.

Nilimweka karibu na dirisha, nikamwambia kuna mtu kutoka Kenya anauliza jina la ngoma. Alisikiliza mluzi wote akiwa amekunja uso. Nikaurudia. Mara ya pili vidole vya mkono wa kushoto vilianza, na nilipoona vinatembea nikajua kwamba anaijua. Mluzi ulipokoma, vidole havikukoma. Aliniangalia kama mtu aliyekatizwa sentensi, akaniuliza, "Nyingine iko wapi?" Nikamweleza habari ya kaseti. Akasema, "Betri," na sikumsahihisha.

Kisha akaimba. Sauti yake ni nyembamba, na meno hayapo yote, kwa hiyo silabi za portaireacht zilitoka zimelainika, lakini alianza juu, mahali ambapo mluzi ulikuwa hauendi, akateremka ngazi kwa ngazi, akairudia sehemu ile ya pili mara mbili kama inavyotakiwa, na mara ya mwisho akagonga mkono wa kiti mara tatu, *dam, dam, dam*, kama hornpipe inavyofungwa. Nilimwuliza jina. Akasema mama yake aliipata kwa mwanamke wa nyumba ya tatu kutoka kwao, na kwamba wao waliiita tu "ile ya kwake". Nimeirekodi, kwa idhini ya binti yake, na nimeiambatanisha. Mnaposikiliza mtasikia birika likichemka nyuma yake. Niliwaza kulizima, nikakumbuka mvua ya Kitui, nikaliacha.

Mtoto wa Kitui

Nimeipokea, dada. Nimeisikiliza ukumbini, nimeketi kwenye ngazi.